Unaposhuka Kutafuta Kisichoonekana

Saumu mwanangu,

Leo asubuhi uliponiamkia nilikuitikia kwa kichwa tu, nikaona ulivyoinama ukajifanya unatafuta kandambili. Usidhani ni hasira. Hasira nilishaimaliza. Nilijua nikifungua mdomo nitaangua kilio, na wateja walikuwa wameshaanza kuingia dukani. Mama yako naogopa, Saumu. Naogopa, na hilo nimwambie nani kama si wewe?

Sasa hivi magharibi imeshaswaliwa. Wewe umeenda Magomeni kumuaga shangazi yako, na mimi nimefunga duka mapema, mtaa mzima umeshangaa. Nimekaa ukumbini kwenye mkeka, begi lako liko pembeni yangu limetuna kama mgonjwa wa tumbo. Sitakuandikia habari za sweta wala za kula ukashiba. Hayo shangazi yako atakuwa ameyasema yote na kuongeza ya kwake. Mimi nina jambo moja. Uliniomba radhi ya safari, sikukupa. Ukaniomba tena, nikajifanya nimesinzia. Kesho alasiri ndege inaondoka, na sitaki upande bila neno langu, lakini kwa mdomo nimeshindwa kulitamka. Acha niandike, labda litatoka kwa njia hii.

Unalijua duka letu. Udi, ubani, zafarani, mafuta ya waridi, hina. Watu wanadhani nauza harufu. Mwenzio nauza woga! Anayekuja kutafuta udi wa harusi ni mmoja mmoja. Wanaokuja kwa sababu mtoto halali, mume harudi, biashara imekufa ghafla, hao ndio waliokusomesha wewe. Nimekaa nyuma ya ile meza miaka yote nikiamini kwamba kisichoonekana kina nia mbaya, na dawa yake ni kukifukiza moshi mpaka kitoke. Sikuwa nawadanganya wateja. Nilikuwa naogopa pamoja nao.

Ndiyo maana yakatokea yale ya kombe. Ulikuwa kidato cha tano, umerudi likizo, umelala chali uani na simu sikioni unaongea na rafiki yako. Mimi niko jikoni nakuna nazi. Nikakusikia: "Vinapita ndani yetu sasa hivi. Vinapita ukutani, vinapita kichwani, vinaingia huku vinatokea kule, wala hatuhisi." Kisha ukacheka. Kicheko ndicho kilichonimaliza. Mtu mwenye akili zake atacheka vipi na jambo kama hilo? Nikaiacha nazi, nikatoka mbio na mtandio mmoja kwenda kumwita Fundi Shomari.

Maskini ya Mungu, hukubisha. Fundi akaandika aya zake kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akakupa unywe. Mimi nakufukiza ubani huku nalia, moshi mpaka majirani wakadhani nyumba inaungua. Ukanywa kombe lote, ukapangusa mdomo, ukasema, "Mama, zafarani hii siyo ile unayowauzia wateja. Hii ni ile nzuri." Fundi Shomari alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Loh, wewe mtoto ulinivua nguo mbele za watu!

Jioni yake ndipo uliponieleza. Ulichukua funguo za duka, ukazifunga kwenye uzi, ukaanza kuzizungusha juu ya kichwa chako pale uani.

"Mama, hizi zinataka kwenda zao. Kwa nini haziruki?"

"Kwa sababu umeshika uzi, mwehu wewe. Na ukizipoteza utalala nje."

"Nikizungusha kwa kasi zaidi, inabidi nikaze mkono zaidi, sivyo?"

Nikasema ndivyo. Ukaniambia nyota nazo zinazunguka hivyo hivyo, makundi kwa makundi, na makundi hayo mnayaita galaksi, na jua letu limo katika mojawapo. Wataalamu walipoupima mwendo wa nyota za pembeni wakakuta zinakimbia mno. Wakajumlisha uzito wa kila kinachoonekana, nyota na mavumbi na mawingu ya huko, wakaona hautoshi kuzishikilia. Kwa hesabu hiyo zilitakiwa ziwe zimeshatawanyika zamani, lakini zipo. Kwa hiyo kuna mkono umeshika uzi, ukasema, na mkono wenyewe hakuna aliyeuona.

Nikakuuliza unaitwaje huo mkono. "Maada nyeusi," ukasema. "Lakini jina limekosewa, mama. Kitu cheusi ungekiona. Hii mwanga unapita kama haipo." Ukaniambia ni nyingi kuliko vyote tunavyoviona, kama mara tano hivi, na kwamba zamani kabisa ndiyo iliyotangulia kujikusanya, gesi na mavumbi vikavutwa kuifuata, na katika mkusanyiko huo zikazaliwa nyota. Isingekuwepo hiyo, ukasema, kusingekuwa na jua letu, wala dunia, wala Kariakoo na kelele zake.

Nikauliza kama inadhuru.

"Haina habari na sisi kabisa."

Uliponijibu hivyo ulidhani umenituliza. Usiku ule sikulala. Jini angalau ana haja na wewe, unaweza kumuuliza anataka nini, ukampa, akaondoka. Kitu kinachoshika ulimwengu mzima na hakina habari na mimi, nitakifukiza kwa ubani gani?

Haya, hilo nalo nikalimeza. Mtoto akasoma, mtoto akafaulu, mtoto akaenda chuo, mimi natembea kifua mbele hapa mtaani, Mama Saumu huyo anapita. Ulipoambiwa umepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo, katika maabara inayoitafuta hiyo maada, nilipika pilau. Nilidhani maabara ni kile chumba cha vigae vyeupe kama kule Upanga wanakopima damu. Kumbe!

Ukanionyesha picha kwenye simu. Watu wamevaa kofia ngumu zenye taa, wamesimama ndani ya kizimba cha chuma.

"Hii nini?"

"Lifti, mama."

Unajua mimi na lifti. Ghorofa lolote Posta nitapanda ngazi mpaka magoti yagome. Nikakaza moyo, nikauliza inapanda mpaka wapi.

"Haipandi. Inashuka."

Hapo ukanieleza tena, na nilikuona unavyochagua maneno taratibu. Kwamba ni mgodi wa zamani, chini kilomita na zaidi. Kwamba juu ya ardhi tunanyeshewa na chembechembe kutoka angani usiku na mchana, na kuitafuta maada nyeusi katikati ya mvua hiyo ni sawa na kutaka kusikia pini ikidondoka Mtaa wa Kongo siku ya kuamkia Idi. Miamba inaizuia mvua hiyo. Maada nyeusi haizuiliwi, yenyewe inapita tu. Chini huko mna tangi la gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, mnakaa gizani mnasubiri chembe moja ya maada nyeusi igonge, itoe kimulimuli kidogo. Nikakuuliza wangapi wameshakiona hicho kimulimuli. Ukasema bado hakuna mwenye hakika.

Baada ya neno mgodi mengine niliyasikia kwa mbali. Nikakwambia, na nilipiga kelele, nakumbuka, "Shimo limeshakula mmoja wa nyumba hii. La pili halili mtu!"

Ukaizima simu. Kisha ukasema polepole, bila hata kunitazama, "Kumbe unajua kwamba amekufa."

Nimekasirikia maneno hayo. Nimeyageuza huku na huku wiki nzima nikitafuta utovu wa adabu ndani yake nikukamate nao, sikuupata.

Sasa nikwambie habari za baba yako, maana mpaka leo umezisikia kwa vipande, tena kwa watu wengine. Hashimu alikuja hapa kutoka Masasi kubeba magunia sokoni. Mrefu, mbishi, anakula muhogo wa kuchoma na pilipili mpaka kamasi zinamtoka, anacheka na kamasi zake. Na alikuwa anaogopa giza. Mwanamume mzima, mgongo kama mlango wa msikiti, lakini taa ikizimwa halali. Umeme ukikatika ananigusa mkono kuhakikisha nipo. Nilimtania sana kwa hilo, nilimwita mwali. Ulipofika miaka minne wenzake walimwambia Tunduru kuna vito, mtu akibahatika mara moja anatoka kimaisha. Akaenda. Nilimfungia ubani kidogo kwenye leso, nikamwambia shimoni usishuke wewe, wewe kaa juu uvute kamba. Akaniitikia.

Ami yako Bakari ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni, miguu ina tope la huko. Mvua ilinyesha, shimo likatitia Hashimu akiwa ndani, na maji yakaingia. Wenzake walichimba mpaka wakashindwa. Wakamswalia pale pale juu ya ardhi.

"Mmemwona?" nikauliza.

"Hatukumwona, shemeji."

"Basi hajafa."

Kesho yake nilifungua duka. Unaelewa maana yake, mwanangu? Mjane anakaa eda, anaingia ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato. Mimi nilivaa dera jekundu, nikajipaka mafuta ya waridi shingoni makusudi, nikakaa nyuma ya meza yangu nikauza. Watu walipita wakishika midomo. Shangazi yako alikuja kunisihi, nikamwambia anamwombea kaka yake kifo. Hakukanyaga hapa mwaka mzima. Mimi nilijiona jasiri. Saumu, haukuwa ujasiri! Niliogopa kwamba nikivaa nguo za eda tu, basi nitakuwa mimi ndiye niliyemuua. Na niliogopa zaidi kulifikiria lile shimo, mtu anayeogopa giza akiwa macho ndani yake, ananyoosha mkono na mimi sipo. Mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha.

Na wewe nikakwambia baba yuko kazini. Mvua hadi mvua, baba yuko kazini.

Watu wa mtaa huu hawakuwa na ubaya. Walijua nimekataa, wakaniheshimu, hakuna aliyekutamkia. Lakini mikono yao sikuweza kuizuia. Kwetu yatima hupapaswa kichwa, ina thawabu, mtu haachi thawabu imezagaa barabarani. Muuza kahawa akipita, mkono kichwani. Mwalimu wa madrasa, mkono kichwani. Mama wa vitumbua, wapakia mizigo, hata yule mzee mkali wa vipuri asiyemsalimia mtu. Mimi nilikuwa naona, nikasema moyoni mtoto ni mdogo, atajuaje.

Ulikuwa darasa la pili. Umekaa kizingitini na Asha wa jirani, mtoto wa umri wako, mnacheza. Ukaingia ndani ukasimama mbele yangu.

"Mama, mimi ni yatima?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Lakini wakipita wote wananishika mimi kichwa, Asha hawamshiki. Na Asha baba yake anarudi jioni."

Nikakuzaba kibao. Mkono huu unaoandika. Hukulia, ulinitazama tu, ukarudi nje kucheza, na hukuuliza tena mpaka umekuwa mtu mzima. Nikajipongeza kwamba nimelizima. Wazee wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo chenyewe ndicho nilichokuwa nakificha, tena mbele ya mtoto aliyekwisha kukiona.

Wiki iliyopita uliponiambia, "Mama, maada nyeusi nayo ndivyo walivyoijua, hawakuona kitu, waliona vinavyokizunguka vinakwendaje," nilikuelewa. Nilielewa mpaka mifupani, nikajifanya napanga chupa.

Lakini usije ukaniambia kwamba baba yako ndiye maada nyeusi. Sitaki. Hashimu alikuwa mtu, alikoroma, aliacha soksi chini ya kitanda. Ninachokwambia ni hiki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Angalia humu ndani uone kama ni kweli. Majirani wote wameuza viwanja, wamehamia Mbagala na Chanika, ghorofa zimetuzunguka pande zote hatuoni jua ila saa sita, na mimi nimebaki na nyumba hii ya bati. Nikiulizwa nasema napenda Kariakoo. Uongo. Nilisema moyoni akirudi atatukuta wapi. Yule mzee wa vipuri, na ukali wake wote, aliniposa kwa heshima, akanisubiri, nikamfokea mbele ya wateja. Mlango nimeurudia rangi ile ile ya kijani kila ulipofifia. Miaka yote hiyo nimekwenda kwa kumzunguka mtu ambaye nilikataza asitajwe, na wewe nikakuzungusha pamoja nami bila kukuuliza.

Ningejua, ningekuacha uulize siku ile. Tungelia, tungekaa eda, tungetoka. Kwa woga silaumu mtu wala sijilaumu, Mungu ametuumba nao. Kosa langu lilikuwa kukataa kuuliza kwa sababu naogopa jibu. Wewe unaogopa na unauliza vile vile. Sijui umelitoa wapi hilo. Si kwangu.

Na jambo jingine ninalokupendea, ingawa sikuwahi kukwambia. Nilikukebehi siku moja, kazi gani hii ya kutafuta usichojua kama kipo. Ukasema, "Kipo, mama. Tunajua kipo. Hatujui ni nini." Nikasema na msipokipata mpaka mnazeeka? Ukasema, "Tutakuwa tumejua mahali ambapo hakipo, wenzetu watatafuta kwingine." Hukukasirika hata kidogo. Mimi mtu akiniambia kazi ya maisha yangu huenda isizae kitu, ningemmwagia maji. Basi huko uendako, mwaka ukipita bila kimulimuli, na wa pili ukapita, usijione mjinga. Mjinga ni yule aliyejua jibu na akafungua duka.

Sikiliza, nimesikia lango la nje nikadhani ni wewe, moyo ukanipasuka. Ni wapangaji. Nimejaribu leo kutwa kujiambia kwamba mgodi wa wenzetu una vyuma, una hewa, una watu wanaokagua, na kwamba mashimo ya Tunduru ni jembe na kamba. Akili inakubali, tumbo linakataa. Nitaogopa kila siku utakayoshuka. Nitaogopa nikiwa napima udi, nitawarudishia watu chenji mbovu. Usinitumie ujumbe wa kunituliza eti mama usiogope. Nitumie kwamba umepanda kutoka shimoni, basi. Neno moja, "nimepanda", nami nitakula chakula cha mchana.

Nilitaka kukunyima radhi ili ubaki. Nimeona sasa kwamba nikikunyima hutabaki, utakwenda ukiwa na uzito mgongoni, au utabaki na utakuwa wewe ndiye umekaa nyuma ya ile meza ukiwauzia watu ubani, unanitazama kila jioni kama ulivyonitazama siku ya kile kibao. Hilo siliwezi.

Kwa hiyo naandika. Baba yako amekufa, Saumu. Hashimu amekufa shimoni, na wewe ni yatima tangu una miaka minne, na ulikuwa sahihi. Nimeandika na nyumba haijaanguka.

Radhi yangu unayo. Yote, ya kushuka na ya kupanda. Nenda, mwanangu.

Nakuomba kitu kimoja. Sisi hatuna kaburi la kuzuru. Huko chini utakuwa umemkaribia kuliko mimi nilivyowahi kuthubutu. Siku ya kwanza kizimba kikikufikisha, kabla hujaanza kazi yako, simama kidogo umsomee baba yako Fatiha. Usiogope kwamba utanitangulia. Ya kwangu naisoma sasa hivi, nikiweka kalamu chini. Ni mara yangu ya kwanza.

Mama yako